Ngiri ikishashonwa, itashika kwa miaka mingapi?

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa ngiri huambiwa amepona siku anaporuhusiwa kurudi nyumbani, au siku nyuzi zinapotolewa. Kwa maradhi mengi ya upasuaji hilo linatosha, kwani kidole tumbo kikishakatwa hakioti tena. Ngiri ina tabia nyingine. Hapa daktari hakutoa kitu kibovu akakitupa. Amefunga upenyo katika ukuta ambao kuanzia siku ileile utasukumwa tena kila mgonjwa anapokohoa, anapocheka, anapoinuka kitandani na anapojikamua chooni. Kwa hiyo matokeo ya upasuaji huu hayajulikani wodini. Yanajulikana baada ya miaka mitano, kumi, hata ishirini, na kila mbinu iliyobuniwa tangu karne ya 19 imepimwa kwa kipimo hicho. Nyingi hazikupita.

Tuanze na ukuta wenyewe. Mbele ya tumbo kuna misuli miwili mirefu inayoteremka sambamba kutoka mbavuni hadi kwenye nyonga, mmoja kila upande wa kitovu. Pembeni yake kuna misuli mipana mitatu iliyopandana, nyuzi za kila mmoja zikielekea upande wake. Kinachozuia matumbo yasitokeze, hata hivyo, ni utando mgumu mweupe unaoifunika na kuiunganisha misuli hiyo, wa jamii moja na kano zinazoshikiza misuli kwenye mifupa. Utando huo ukipata tundu au ukidhoofika mahali fulani, utando laini wa ndani husukumwa nje ukawa mfuko, na ndani ya mfuko huingia mafuta au kipande cha utumbo. Hapo ndipo mtu anapoona uvimbe unaotokeza akisimama au akikohoa na kurudi ndani akilala.

Sehemu zinazotoboka zinajulikana, kwa sababu ni zilezile ambazo maumbile yaliacha njia. Kwa wanaume kinena hupitisha mishipa na mrija unaokwenda kwenye korodani, na ngiri ya kinena ndiyo inayowapata wengi kuliko zote: makadirio ni kwamba kati ya asilimia 27 na 43 ya wanaume wataipata wakati fulani maishani, ilhali kwa wanawake ni asilimia 3 hadi 6. Chini kidogo ya hapo, penye mshipa mkubwa wa damu unaoingia pajani, hutokea ngiri ya paja, ambayo huwapata zaidi wanawake na ina shingo nyembamba, kwa hiyo hunasa utumbo kwa urahisi. Kitovu nacho ni njia ya zamani iliyozibwa. Kisha iko njia iliyotengenezwa na mikono ya binadamu: kovu la upasuaji wa awali. Duniani kote, ngiri za kinena na paja peke yake hufanyiwa upasuaji zaidi ya milioni 20 kila mwaka.

Hakuna dawa ya kunywa, ya kupaka, wala mazoezi yanayoziba tundu hilo kwa mtu mzima. Mkanda huizuia ngiri isitokeze kwa muda tu. Watoto wana nafuu yao: ngiri ya kitovu ya mtoto mchanga mara nyingi hujifunga yenyewe kabla hajafika miaka mitano. Ngiri ya kinena ya mtoto haijifungi, lakini upasuaji wake ni mwepesi, kwani ukuta wake ni mzima na kazi ni kufunga mfuko uliobaki wazi tangu tumboni mwa mama. Wavu wa plastiki wanaowekewa watu wazima ili kuimarisha ukuta hauhitajiki.

Na si kila tumbo lililotokeza lina ngiri. Wanawake wengi baada ya kujifungua huona tuta katikati ya tumbo wanapojiinua kitandani. Mara nyingi hiyo ni ile misuli miwili iliyoachana, utando wa kati ukiwa umetanuka lakini haujatoboka. Hapo hakuna tundu, kwa hiyo hakuna utumbo wa kunaswa, na haraka ya kupasuliwa haipo.

Kusubiri nako ni matibabu

Kinachoogopwa katika ngiri ni kunyongwa. Utumbo unaingia tunduni, unavimba, unashindwa kurudi, kisha damu yake inakatika. Dalili zake hazihitaji kipimo: uvimbe uliokuwa ukirudi sasa umekaza na unauma sana, mtu anatapika, tumbo linajaa, haja kubwa na hewa havitoki, ngozi ya juu inaweza kuwa nyekundu. Huyo ni mgonjwa wa kufikishwa hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu utumbo uliokosa damu hufa ndani ya saa chache.

Kwa hofu hiyo, kwa miaka mingi kila mwenye ngiri aliambiwa apasuliwe. Kisha huko Marekani wanaume 720 wenye ngiri ya kinena isiyowasumbua au inayowasumbua kidogo tu wakagawanywa kwa kura: nusu wapasuliwe, nusu waangaliwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Katika kundi la kuangaliwa, ngiri kunasa ghafla kulitokea kwa kiwango cha chini ya watu 2 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Kusubiri kukaonekana ni salama. Lakini watafiti hawakuishia hapo, na hilo ndilo lililofanya utafiti huo uwe na faida kubwa. Walipowafuatilia watu wa kundi hilo la kuangaliwa hadi miaka 10, takriban asilimia 68 walikuwa wamekwisha kupasuliwa, wengi wao kwa sababu maumivu yalizidi. Kwa waliozidi miaka 65 ilikuwa karibu watu 8 katika kila 10.

Mwanamume mwenye ngiri ya kinena isiyomsumbua, basi, hana sababu ya kukimbizwa chumba cha upasuaji, ila ni haki yake kujua kwamba huenda anaahirisha tu. Kwa wanawake hesabu hiyo haitumiki. Uvimbe wa kinenani kwa mwanamke unaweza kuwa ngiri ya paja iliyojificha, na hiyo haisubiriwi.

Sindano na uzi

Upasuaji wa ngiri wa kisasa ulianza Italia katika miaka ya 1880, kwa daktari Edoardo Bassini wa Padova. Kabla yake madaktari walikata mfuko wa ngiri na kufunga ngozi, na ngiri ilirudi kama kawaida. Bassini aliujenga upya ukuta wa nyuma wa kinena kwa kushona tabaka za misuli na kuzishusha hadi kwenye kano iliyo chini, kisha akafanya jambo lililokuwa adimu wakati huo: aliwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka na kuandika nani karudiwa.

Mkononi mwake mbinu hiyo ilishika. Mikononi mwa wengine waliorahisisha hatua zake haikushika hivyo. Kuna sababu moja inayorudi katika historia yote ya ngiri, nayo ni mvutano. Ukivuta kingo mbili zilizoachana na kuzishikiza kwa uzi, uzi huo utakuwa unavutwa usiku na mchana. Tishu inayobanwa hivyo hukosa damu, hulainika, na taratibu uzi huikata na kupenya. Nyuzi hazikukatika, fundo halikufunguka, lakini tundu limerudi. Tena mara nyingi tishu yenyewe haikuwa imara tangu mwanzo. Watu wengi wenye ngiri, hasa inayorudi, wana uwiano mbaya wa kolajeni, protini inayojenga kano na makovu: ile nene inayoupa utando nguvu ni pungufu, na ile nyembamba ya makovu machanga imezidi. Kumshona mtu kama huyo kwa tishu zake mwenyewe ni kutegemea kile kilekile kilichomwangusha.

Hata hivyo mshono mtupu haujafa, na nadhani si haki kuuzungumza kana kwamba umekufa. Daktari Edward Earle Shouldice wa Toronto, Kanada, aliyefungua hospitali yake mwaka 1945, aligawanya mvutano huo katika tabaka nne za mshono unaoendelea bila kukatika, tabaka moja ikiifunika nyingine, kwa ganzi ya eneo tu na mgonjwa kutembezwa mapema. Katika hospitali hiyo, inayofanya kazi ya ngiri peke yake na kuwataka wagonjwa wanene wapunguze uzito kwanza, wanaorudiwa ni kama asilimia moja. Madaktari wanaoufanya mshono huohuo mara chache kwa mwaka hawafikii kiwango hicho. Takwimu za Shouldice hazipimi mshono pekee. Zinapima pia mkono uliorudia kazi moja maelfu ya mara, pamoja na namna wagonjwa walivyochaguliwa na kuandaliwa.

Wavu

Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari Francis Usher wa Houston, Marekani, alianza kutumia wavu wa plastiki kuimarisha ukuta wa tumbo, na polipropilini, aina mojawapo ya plastiki, ikaja kuwa nyuzi inayotumika zaidi. Ilichukua karibu miaka 30 wazo hilo kuenea. Irving Lichtenstein na wenzake wa Los Angeles ndio waliolifanya liwe jambo la kila siku: mwaka 1989 walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,000 wa ngiri ya kinena ambao kingo za tundu hazikuvutwa hata kidogo. Zilifunikwa kwa wavu bapa ulioshikizwa pembeni, na mgonjwa akaenda nyumbani siku hiyohiyo.

Wengi hudhani wavu hukaa pale kama bamba linalozuia matumbo. Kazi yake kubwa ni nyingine. Mwili huutambua kuwa ni kitu kigeni, huleta chembe za kinga, kisha chembe zinazofuma kolajeni huingia katika matundu yake. Baada ya wiki na miezi, wavu na kovu huwa kitu kimoja. Kinachoshika kwa miaka ni kovu hilo lililopewa mifupa ya plastiki. Ndiyo maana ukubwa wa matundu ya wavu ni muhimu. Yakiwa madogo mno, kovu hujikunja juu yake likawa gamba gumu linalosinyaa, na mgonjwa huhisi kitu kigumu tumboni.

Mapitio yaliyokusanya majaribio mengi ya ngiri ya kinena, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalionyesha kwamba kwa kila watu 46 wanaowekewa wavu badala ya kushonwa tu, mmoja anaepushwa na ngiri kurudi. Hiyo si tofauti ya kutisha. Ukiizidisha kwa mamilioni ya upasuaji kwa mwaka, ndipo uzito wake unapoonekana. Kwenye kitovu tofauti iko wazi zaidi: katika jaribio la watu 300 wenye matundu ya sentimita 1 hadi 4, lililochapishwa mwaka huohuo, ngiri ilirudi kwa asilimia 12 ya walioshonwa na asilimia 4 ya waliowekewa wavu.

Gharama ya wavu ilikuwa kikwazo kikubwa kwa hospitali nyingi duniani. Watafiti wa Uganda na Sweden wakajiuliza kama wavu wa bei ghali una jambo ambalo kitambaa cha chandarua hakina. Walichukua kitambaa cha chandarua cha polithilini, wakakikata, wakakitakasa vijidudu kitaalamu, na mashariki mwa Uganda wakawagawa wanaume 302 kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilikuwa imerudi kwa mtu mmoja katika kundi la chandarua na hakuna aliyerudiwa katika kundi la wavu wa kawaida. Matatizo mengine yalilingana, karibu asilimia 30 kila upande, mengi yakiwa madogo. Utafiti huo wa mwaka 2016 ni miongoni mwa kazi ninazoziheshimu sana katika taaluma hii, maana uliliuliza swali la maskini kwa ukali uleule wa kisayansi unaotumika kwa maswali ya matajiri.

Kupitia nyuma

Wavu wa Lichtenstein huwekwa mbele ya tundu. Wafaransa Jean Rives na René Stoppa walifikiri kinyume: kwa nini usiwe nyuma, kati ya misuli na utando wa ndani? Kiraka kilichobandikwa nje ya mpira hubanduliwa na hewa, lakini kilichobandikwa ndani hukandamizwa na hewa hiyohiyo. Shinikizo la tumbo, lililokuwa adui, hapo linakuwa msaidizi.

Wazo hilo ndilo msingi wa upasuaji wa matundu madogo (laparoskopi) wa kinena ulioenea tangu mwanzo wa miaka ya 1990. Daktari huingiza kamera na vifaa vyembamba, ama kwa kupitia ndani ya tumbo na kufungua utando, ama kwa kupita kati ya utando na misuli bila kuingia tumboni kabisa. Wavu mmoja mpana hufunika njia zote za ngiri za upande huo, hata ya paja. Ndiyo sababu njia hii hupendekezwa kwa wanawake, na kwa mtu mwenye ngiri pande zote mbili. Maumivu ya siku za kwanza ni kidogo na kurudi kazini ni haraka.

Faida hizo zina bei yake, nayo ni ujuzi. Jaribio kubwa katika hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, lililochapishwa mwaka 2004, lilipata kwamba baada ya miaka miwili ngiri ilikuwa imerudi kwa asilimia 10.1 ya waliofanyiwa laparoskopi, dhidi ya asilimia 4.9 ya waliopasuliwa kwa njia ya wazi. Wengi walisoma hapo kwamba laparoskopi ni mbaya. Ndani ya takwimu hizo kulikuwa na habari nyingine: madaktari waliokwisha kufanya zaidi ya upasuaji 250 wa aina hiyo walikuwa na marudio karibu nusu ya wenzao. Leo, mbinu hizi zikiwa zimefundishwa kwa muda mrefu, miongozo ya kimataifa huziweka zote mbili sawa kwa suala la kurudi kwa ngiri na kumtaka daktari achague ile anayoimudu. Roboti imeongeza urahisi wa kushona ndani ya nafasi finyu, ila kwa ngiri ya kawaida ya kinena haijaonyesha kwamba ukuta unashika zaidi.

Kovu lililofunguka

Hadi hapa nimezungumzia ngiri zinazotibika vizuri. Ngiri ya kovu ni shughuli nyingine kabisa. Tumbo likifunguliwa kwa mkato mrefu wa katikati, ngiri ya kovu hutokea kwa kati ya asilimia 10 na 20 ya watu, na kwa wenye hatari kubwa hata zaidi. Ukuta uliokatwa umepona kwa kovu badala ya utando halisi, misuli miwili imesogea pembeni, na mara nyingi huyo ni mtu aliyekwisha ugua sana.

Mwaka 2000 Waholanzi walichapisha jaribio la watu wenye ngiri ya kovu isiyozidi sentimita 6: baada ya miaka mitatu ngiri ilikuwa imerudi kwa asilimia 43 ya walioshonwa na asilimia 24 ya waliowekewa wavu. Ilionekana wavu umelimaliza suala. Waliporudi kuwaangalia watu walewale baada ya miaka 10, takwimu zilikuwa asilimia 63 na asilimia 32. Zisome tena. Wavu ulipunguza marudio kwa nusu, kama ulivyofanya mwanzoni, lakini katika makundi yote mawili ngiri ziliendelea kurudi mwaka baada ya mwaka. Utafiti unaoishia mwaka wa pili au wa tatu unaonyesha mwanzo wa mteremko tu.

Kilichoboreka tangu hapo ni ujuzi wa mahali pa kuweka wavu. Kuupachika katikati ya tundu, ukishonwa kingo kwa kingo, ni njia iliyoachwa kwa sababu hubanduka pembeni. Kuuweka juu ya misuli chini ya ngozi ni rahisi, ila maji hujaa kwenye jeraha na vijidudu vya ngozini viko karibu. Kuuweka ndani ya tumbo kwa laparoskopi hupunguza sana maambukizi ya jeraha, lakini wavu unakutana na utumbo, na hata ukiwa na ganda la kuzuia kugandana, atakayelifungua tumbo hilo miaka baadaye kwa sababu nyingine anaweza kukuta matumbo yameshikamana nao. Njia ya Rives na Stoppa, nyuma ya ile misuli miwili mirefu na mbele ya utando, inauzungushia wavu tishu zenye damu pande zote na kuutenga na utumbo. Ni kazi ndefu, na kwa maoni yangu ndiyo inayolipa zaidi pale mwili wa mgonjwa unapoiruhusu.

Tundu likiwa pana mno hata misuli haikutani, kuna mbinu ya kutenganisha tabaka za pembeni. Oscar Ramirez na wenzake waliieleza mwaka 1990: kukata utando wa msuli wa nje pande zote mbili ili ukuta usogee katikati. Baadaye, mwaka 2012, ikaelezwa njia ya kuachilia msuli wa ndani kabisa, inayofungua nafasi kubwa ya wavu bila kuinua ngozi. Kwa mgonjwa ambaye matumbo yake yamehamia nje kwa miaka, kuyarudisha kwa nguvu kunaweza kubana mapafu na figo. Hapo daktari huweza kudunga misuli ya pembeni sumu ya botulinamu wiki chache kabla, ilegee na kurefuka kwanza.

Wavu nao una deni lake. Rejista ya taifa ya Denmark iliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 waliorekebishwa ngiri za kovu. Ripoti ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba ndani ya miaka mitano, waliohitaji kupasuliwa tena kwa ngiri kurudi walikuwa asilimia 17.1 kwa mshono mtupu, 12.3 kwa wavu wa njia ya wazi na 10.6 kwa wavu wa laparoskopi. Lakini matatizo ya baadaye yanayotokana na wavu wenyewe, kama usaha, kuziba kwa utumbo au tundu kati ya utumbo na ngozi, yalifikia asilimia 5.6 kwa njia ya wazi na 3.7 kwa laparoskopi, na yalizidi kuongezeka kadiri miaka ilivyopita. Sehemu ya faida ya wavu, kwa hiyo, hurudishwa polepole. Haifutiki, ila inapungua, na mgonjwa anastahili kuambiwa hivyo kabla ya kutia saini.

Na kila marekebisho yanayoshindwa hulifanya linalofuata kuwa gumu zaidi. Takwimu za jimbo la Washington, Marekani, zilizochapishwa mwaka 2003, zilionyesha kwamba ndani ya miaka mitano karibu asilimia 12 ya waliorekebishwa ngiri ya kovu walipasuliwa tena. Baada ya upasuaji huo wa marudio, asilimia 24 walihitaji mwingine. Baada ya huo, asilimia 35. Nafasi nzuri kuliko zote ni ile ya kwanza.

Maumivu yanayobaki

Kwa ngiri ya kinena, tatizo linalowasumbua watu wengi kwa muda mrefu ni maumivu kuliko ngiri kurudi. Kati ya asilimia 10 na 12 ya waliopasuliwa wanabaki na maumivu yanayozidi miezi mitatu. Wengi wao wanayamudu, lakini kati ya asilimia 0.5 na 6 ya wote waliopasuliwa huzuiwa kufanya kazi zao za kila siku. Kwa upasuaji unaohesabiwa kuwa mdogo, huo ni mzigo mkubwa sana.

Kinena kina neva tatu zinazopita palepale daktari anaposhona. Kuzitambua na kuzilinda wakati wa upasuaji, au kuikata kwa makusudi ile iliyojeruhiwa, hupunguza hatari. Wanaoumia zaidi baadaye ni vijana, wanawake, na wale waliokuwa na maumivu makali hata kabla ya kupasuliwa. Mtu ambaye uvimbe wake ni mdogo lakini maumivu yake ni makubwa anahitaji kuchunguzwa kwa makini kabla ya kuahidiwa kwamba upasuaji utayaondoa. Watu wengi huulaumu wavu kwa maumivu hayo, na wapo ambao kweli wavu wao umesinyaa au kubana neva. Ila majaribio yanayolinganisha mbinu hizo hayaonyeshi kwamba mshono mtupu huwaepusha watu na maumivu ya kudumu.

Uvimbe unaojitokeza wiki chache baada ya upasuaji nao huwatia watu hofu kwamba ngiri imerudi. Mara nyingi ni maji yaliyojaa pale mfuko wa ngiri ulipokuwa, na mwili huyanyonya wenyewe. Kinachotakiwa ni daktari kuutazama, asiyanyonye kwa sindano kila mara, maana kila tobo ni mlango wa vijidudu. Kuhusu kukaa ndani kwa miezi bila kuinua kitu, miongozo ya ngiri ya kinena imekwisha kuliacha jambo hilo: mtu hurudia shughuli zake baada ya siku chache kadiri maumivu yanavyomruhusu. Marekebisho makubwa ya kovu yanahitaji subira ya wiki kadhaa.

Takwimu husema kile kilichohesabiwa

Daktari akisema wagonjwa wake hawarudiwi, muulize anajuaje. Ikiwa anahesabu wale tu waliorudi kupasuliwa, anakosa wengi. Watafiti wa Denmark waliwaita na kuwapima watu waliorekebishwa ngiri za ukuta wa mbele wa tumbo, na wakaona kwamba kuhesabu waliopasuliwa tena kunaonyesha robo au tano moja tu ya marudio halisi. Wengine wana ngiri ndogo wasiyoijua, wengine wameichoka hospitali, wengine wamekwenda kwa daktari mwingine.

Mwili unaopokea mshono nao huamua mengi. Sigara huzipunguzia tishu oksijeni na kuharibu ufumaji wa kolajeni, na kuiacha angalau wiki nne kabla ya upasuaji hupunguza matatizo ya jeraha. Kisukari kisichodhibitiwa na unene uliokithiri huongeza usaha, na usaha kwenye jeraha ni miongoni mwa sababu kubwa za ngiri kurudi. Kikohozi sugu, choo kigumu cha miaka na tezi dume inayomlazimisha mzee kujikamua vyote huusukuma mshono. Mwanamke anayetarajia kupata mimba hivi karibuni, na ambaye ngiri yake ya kitovu haimsumbui, kwa kawaida hushauriwa asubiri hadi amalize kuzaa. Daktari anayeahirisha upasuaji usio wa dharura ili mgonjwa aache sigara na kushusha sukari amekwisha anza kumtibu.

Kwa ngiri ya kovu kuna hatua ya mapema zaidi: siku tumbo linapofungwa kwa mara ya kwanza. Kwa watu wenye hatari kubwa imejaribiwa kuwekwa wavu wa kinga wakati wa kufunga. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilipata ngiri kwa asilimia 30 ya waliofungwa kwa uzi tu baada ya miaka miwili, dhidi ya asilimia 13 pale wavu ulipowekwa juu ya misuli, ingawa maji yalijaa zaidi kwenye majeraha hayo. Kwa watu wengine wote kuna jambo rahisi zaidi. Kwa vizazi vingi wapasuaji walifundishwa kuchukua nyama nyingi kwa kila mshono, sentimita moja kutoka ukingoni, kwa imani kwamba mshono mpana hushika zaidi. Hospitali 10 za Uholanzi ziliwagawa watu 560 kwa kura: nusu wafungwe hivyo, nusu kwa mishono midogo ya milimita 5 iliyokaribiana, kwa uzi mwembamba. Baada ya mwaka mmoja, kama ilivyochapishwa mwaka 2015, ngiri ilionekana kwa asilimia 21 ya kundi la kwanza na asilimia 13 ya kundi la pili. Mishono ilikuwa 45 kwa wastani badala ya 25, na kufunga tumbo kulichukua dakika 14 badala ya 10.